Mazoezi yalikatika, sasa visigino havigusi chini

*Shikamoo mama. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6 na nusu, ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa. Tulianza mazoezi akiwa na mwaka mmoja, akafika mahali anakaa mwenyewe kwenye mkeka, anasimama akishika meza, na akipewa kitembezi anatoka mlangoni mpaka jikoni. Baadaye wataalamu waliokuwa wanakuja huku kwetu waliacha kuja, tukaambiwa mradi umekwisha. Baba yake naye akasimama kazi, mimi nikajifungua mdogo wake, nauli ya kwenda mjini ikanishinda. Sasa ni mwaka na nusu hajafanya mazoezi. Visigino havigusi chini, magoti hayanyooki, mapaja yamebanana, hata kumtawaza analia. Splinti zake, vile viatu vya plastiki vya kushikilia miguu, haziingii tena. Dawa ya kifafa nampa nusu ili isiishe mapema. Mama mkwe anasema ugonjwa umepanda, ubongo unaendelea kuharibika. Jirani anataka kuniletea mtu wa kumkanda kwa mafuta ya moto na kumvuta miguu. Naomba uniambie ukweli. Ugonjwa umezidi? Mimi ndiye niliyemharibu? Na nikianza tena sasa itasaidia, au muda umeshapita?*
*Mama S., Korogwe*

Marahaba mwanangu. Maswali yako yote nitayajibu, lakini barua yako ina mambo mawili ambayo hayasubiri, na hayo ndiyo nitaanza nayo.

La kwanza ni dawa ya kifafa. Kina mama wengi hugawanya dozi chupa inapokaribia kwisha, kwa hiyo sikushangai. Ila dawa hiyo ikipunguzwa kienyeji au ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mtoto anaweza kushindwa kutoka humo bila msaada wa hospitali. Wiki hii hii chukua chupa au pakiti yake pamoja na kadi, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, useme bila kuficha kwamba umekuwa ukimpa nusu, na tangu lini. Usiirudishe dozi nzima mwenyewe. Wao ndio watakupangia namna ya kuipandisha. Na degedege lolote likizidi dakika 5, hata usiku wa manane, ni la kukimbiza hospitali.

La pili ni huyo mtu wa mafuta ya moto. Mshukuru jirani, halafu mkatalie. Mfupa hukomaa kwa kubeba uzito, na mtoto ambaye hajasimama kwa muda mrefu mifupa yake ni dhaifu. Baadhi ya dawa za kifafa, fenobabitoni ikiwemo, nazo huchangia kuudhoofisha mfupa. Nimepokea watoto waliovunjika paja mikononi mwa watu waliowapenda kweli, wakiwanyoosha goti. Hata pasipovunjika kitu, msuli wa mtoto mwenye mtindio ukivutwa kwa haraka hujibu kwa kujikaza zaidi. Kumpaka mafuta wewe mwenyewe, polepole, baada ya kumwogesha maji ya uvuguvugu, hakuna ubaya wowote. Anaburudika, nawe unapata nafasi ya kumkagua mwili mzima. Kuvuta ndiko kusikotakiwa.

Sasa nije kwa mama mkwe. Alichokiona ni kweli, mtoto amerudi nyuma. Ila ubongo wake hauendelei kuharibika. Jeraha la mtindio hutokea mara moja: kwako ni siku ile aliyochelewa kulia, kwa wengine ni manjano kali ya siku za mwanzo, malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Likishatokea linabaki kama lilivyo. Kama mwanao alikuwa anaongea na sasa haongei, au alikuwa anakutambua na sasa hakutambui, hilo mweleze daktari haraka, maana mtindio hauna tabia hiyo na huenda kuna jambo jingine. Lakini miguu kukakamaa, visigino kupanda, mapaja kubanana, chanzo chake ni kwamba mwanao amekua.

Mtoto wa umri wake kwa kawaida huongezeka urefu wa sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Mifupa inarefuka, na msuli unatakiwa urefuke pamoja nayo. Msuli wa kawaida hurefuka kwa sababu mtoto anakimbia, anachuchumaa, anapanda mti, anaunyoosha kutwa nzima bila kujua. Msuli uliokazwa na mtindio haupati nafasi hiyo. Fikiria kamba ya kuanikia nguo kati ya nguzo mbili, halafu kila mwezi mtu anazisogeza nguzo zizidi kuachana na kamba ni ileile. Mwanzoni inakaza tu, na ukiinyoosha kwa utaratibu inaachia. Baadaye inakuwa fupi kwelikweli, na hapo mkono wa mtu hautoshi.

Nataka ulielewe vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia. Ile saa moja ya mazoezi mliyokuwa mkienda haikuwa inarefusha misuli peke yake. Saa moja ni ndogo mno mbele ya saa zote za wiki. Faida kubwa mliyokuwa mnaipata ni jicho la mtu anayejua anachokitazama: splinti ikifupia anaagiza nyingine, mtoto akiegemea upande anarekebisha kiti, nyonga ikianza kuhama anaandika apigwe eksirei. Mlipokatiwa huduma, ukuaji uliendelea na hakuna aliyekuwa anauangalia. Kwa hiyo ukirudi, usirudi ukidai mazoezi tu. Rudi ukidai kuangaliwa.

Na cha kwanza kuangaliwa ni nyonga. Kwenye barua yako, maneno yaliyonishtua kuliko visigino ni hayo ya kulia ukimtawaza. Misuli ya ndani ya paja ikikaza kwa muda mrefu huusukuma mfupa wa paja utoke polepole kwenye kikombe chake cha nyonga. Mwanzoni hakuna maumivu, na wengi hawajui mpaka mtoto hakaliki. Watafiti wa Australia waliofuatilia suala hili walichapisha matokeo mwaka 2006: katika kila watoto 100 wenye mtindio, nyonga zilikuwa zimehama kwa 35. Kwa wale wenye hali nzito kabisa, wasioweza hata kukaa, ilikuwa 90. Wale wanaotembea vizuri hawakuwa nalo kabisa. Mwanao yuko katikati, na mwaka na nusu bila kusimama umemsogeza upande usiotakiwa.

Mlaze chali kitandani, magoti yamekunjwa, nyayo zote mbili ziko kwenye godoro. Tazama kama magoti yanalingana kimo. Kisha yafungue taratibu, kama unafungua kitabu, bila kulazimisha, uone upande gani unagoma. Goti moja likiwa chini kuliko jingine, au upande mmoja ukifunguka kidogo sana, au akilia ukimgusa hapo, omba eksirei ya nyonga zote mbili kwa pamoja. Hata ukiona ziko sawa, iombe. Kwa mtoto asiyetembea hiyo picha hupigwa kila miezi 6 hadi mwaka, na yeye amezipita zake kadhaa. Mpaka majibu yatoke, usimsimamishe kwa muda mrefu wala usimfanyishe mazoezi ya kutanua miguu.

Visigino navyo unaweza kuvipima mwenyewe, ukajua umebakiwa na nini. Kaa naye mkekani ametulia, ikiwezekana baada ya kuoga. Shika kisigino chake kwenye kiganja, unyayo ulale kwenye upande wa ndani wa mkono huohuo, na mkono mwingine uweke juu ya goti ili libaki limenyooka kadiri linavyoweza. Sasa egemea mbele polepole, unyayo uende kuelekea kwenye ugoko, uhesabu mpaka 30 bila kuachia. Kama mguu unakataa mwanzoni, halafu kwenye 15 au 20 unaanza kulegea na kusogea, hiyo ni kukaza, na kukaza kunatibika kwa njia nyingi. Kama umefika mahali umesimama kabisa, hata ungesubiri hausogei, basi msuli au kano imefupia. Mara nyingi huwa ni vyote viwili, sehemu inaachia na sehemu haiachii.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Muda haujapita, ila si kila kilichopotea kitarudi kwa njia ileile. Kisigino kilichofupia kidogo hutibiwa kwa plasta: mguu unafungwa ukiwa umenyooshwa kiasi, wiki moja baadaye plasta inakatwa, unanyooshwa kidogo tena, inafungwa nyingine, kwa wiki kadhaa. Kisha inafuata splinti mpya, na hii ni lazima, maana plasta bila splinti ni kazi bure. Kikiwa kimefupia sana, upasuaji wa kurefusha kano upo, na nyonga iliyoanza kuhama nayo ina upasuaji wake, mdogo ikiwahi na mkubwa ikichelewa. Kwa huko kwenu rufaa itaanzia hospitali ya wilaya kwenda hospitali ya Bombo, Tanga. Kutoka hapo wanaweza kukuelekeza hospitali ya KCMC Moshi, au Dar es Salaam kwenye hospitali ya CCBRT au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Usiogope neno upasuaji, na usilikubali haraka pia. Uliza: baada ya hapo nani atamfuatilia, na splinti atapata wapi? Kano iliyorefushwa bila kufuatiliwa hufupia tena mtoto anapokua.

Stadi zenyewe, kukaa, kusimama kwa kushika, kwenda na kitembezi, nina matumaini nazo. Ubongo uliokwisha kujifunza kusimama haukusahau. Mara nyingi kinachomzuia mtoto ni mguu usiokanyaga na nyonga inayouma, na ukivitatua hivyo anaanza kujaribu mwenyewe.

Wakati unasubiri, nyumbani kuna kazi. Sitakuandikia orodha ndefu ya mazoezi. Una mtoto mchanga, na orodha ndefu huachwa siku ya tatu. Kazi yako ni namna anavyokaa na kulala. Mtoto wa namna hii akiachwa amelala chali kutwa, magoti huangukia upande mmoja na kubaki huko. Mbadilishie mikao: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto akiwa na mto mwembamba katikati ya magoti, na akiwa macho alale kifudifudi juu ya kanga iliyokunjwa chini ya kifua, mdogo wake awe mbele yake wachezeane. Wakati wa kula akae wima, nyonga na magoti yamekunjika vizuri, nyayo zinakanyaga kitu, hata kama ni tofali lililofungwa kitambaa. Kichwa kisianguke nyuma. Chakula kikimpalia mara kwa mara, mweleze daktari, kwa sababu kinachoingia kifuani huleta nimonia.

Kiti unaweza kutengenezewa hapohapo. Fundi seremala yeyote anaweza kumpigia kiti cha kona chenye kigingi kifupi kilichofungwa sponji katikati ya mapaja. Kama mbao ni ghali, kuna viti vya karatasi: maboksi na magazeti yanayogandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, yakaushwe juani mpaka yawe magumu kama ubao. Mbinu hiyo ilianzia Zimbabwe, na vituo vingi vya watoto wenye ulemavu huku kwetu wanaijua. Mtoto anakaa humo miaka bila kiti kuvunjika, mradi kisiloe. Kumbeba, mbebe ubavuni, mguu mmoja mbele yako na mwingine nyuma, mapaja yametanuka kadiri yanavyokubali bila kulazimisha. Mbeleko ya mgongoni nayo ilikuwa dawa nzuri ya nyonga alipokuwa mdogo, lakini kwa uzito wake sasa utauumiza mgongo wako, na mgongo huo unahitajika na watoto wawili.

Splinti za zamani usimlazimishe kuvaa. Kiatu kilichofupia kinatoboa ngozi, na kidonda cha kisigino kitakuchukua miezi. Zibebe uende nazo kliniki, waone ukubwa wa zamani na waone amekua kiasi gani.

Sasa nauli. Tazama tarehe zako, mwanangu: huduma ilikatika alipofika miaka 5. Watoto wa chini ya miaka 5 hawatozwi kwenye vituo vya serikali, na akishavuka hapo mzazi anadaiwa. Nimewaona wengi wakipotea kliniki mwaka huohuo, na daftari likaandika tu kwamba hakuhudhuria. Linaniuma sana hili, kwa sababu mtindio hauishi mtoto anapotimiza miaka 5. Miguu inaanza kuhitaji uangalizi zaidi hapo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata au wa hospitalini, uombe msamaha wa malipo. Upo kwa wasio na uwezo, na mtoto wako ni mtu mwenye ulemavu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, taja.

Kisha ongea na mtaalamu wa mazoezi kwa uwazi. Mwambie: kila wiki siwezi, nipangie ratiba ambayo naiweza. Ziara moja kila miezi 3, ikiwa na kupima nyonga, kukagua splinti, na kuondoka na mambo mawili ya kufanya nyumbani, ni bora kuliko ratiba ya kila Jumanne inayokufa mwezi wa pili. Mwombe akurekodi kwenye simu ukiwa unafanya wewe, yeye akikurekebisha, ili baba yake na bibi yake waone. Na mama mkwe mchukue siku moja mwende naye. Bibi akiona picha ya eksirei kwa macho yake, maneno ya ugonjwa kupanda yatakwisha.

Umeniuliza kama wewe ndiye uliyemharibu. Hapana. Mtoto aliyekaa, akasimama na kufika jikoni kwa kitembezi ni mtoto aliyetunzwa. Huduma iliondoka, wewe ulibaki.

*Habari za kazi mama. Binti yetu ana miaka 3. Alipata manjano kali siku ya nne baada ya kuzaliwa, sasa ana mtindio, mikono na shingo vinajinyonganyonga, hasa akitaka kuongea. Mama yake aliugua, ikabidi mtoto akae kwa bibi yake Sengerema miezi 8 bila mazoezi. Nataka kufidia muda huo. Nina kiwanja, nikikiuza naweza kumpeleka nje akachomwe seli shina (stem cells), zile chembe zinazodaiwa kuujenga upya ubongo. Mwingine amenishauri mazoezi mara mbili kwa siku kwa wiki 3 mfululizo. Kipi ni bora?*
*Baba wa binti, Mwanza*

Nzuri baba. Usiuze kiwanja. Seli shina kwa mtindio wa ubongo bado ziko mikononi mwa watafiti. Hakuna utaratibu wa matibabu uliokubalika ambao ningeweza kukutuma ukalipie, na wanaoziuza kwa bei ya kiwanja wanakuuzia matumaini yako mwenyewe.

Halafu hasara ya miezi 8 kwa binti yako huenda si ile unayoiogopa. Mtindio uliotokana na manjano ni wa aina ya kujinyonganyonga, na misuli yake haifupii haraka kama ya mtoto wa barua iliyotangulia. Alichokosa zaidi ni nafasi ya kujaribu. Na kabla ya mazoezi yoyote nakuuliza: amepimwa masikio? Manjano iliyofika kwenye ubongo mara nyingi huharibu usikivu, na watoto wengi wa namna hii huitwa wazito wa kuelewa kumbe hawasikii vizuri. Hapo Mwanza anzieni hospitali ya Bugando. Hilo ni la kwanza, na litagharimu sehemu ndogo sana ya kiwanja.

Wiki 3 za mazoezi ya mfululizo zinaweza kusaidia, kwa sharti moja: mwende na lengo linaloonekana. Kwa mfano, akae kwenye kiti kichwa kikiwa wima muda wa kutosha kula bakuli la uji. Lengo la kuimarisha misuli tu halikupi chochote cha kupima. Na mama, bibi au wewe muwepo ndani ya chumba, kwa sababu mtakachokifanya wiki ya 4 nyumbani ndicho kitakachoamua kama zile 3 zilikuwa na maana.

Haraka yako naielewa. Watafiti wa Kanada waliwafuatilia watoto 657 wenye mtindio na kuchapisha mwaka 2002. Waliona kwamba mtoto mwenye hali nyepesi hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo anapokaribia miaka 5, na mwenye hali nzito mapema zaidi, kabla ya kutimiza 3. Kwa hiyo umri wa binti yako ni wa thamani, na sitakuambia usubiri. Lakini takwimu hizo ni za mwendo: kukaa, kutambaa, kutembea. Kuelewa, kuwasiliana, kuchagua, kuchekesha watu, hayo hayafungwi na umri huo. Mtengenezeeni njia ya kusema ndiyo na hapana, kwa macho au kwa picha ubaoni. Mtoto anayejinyonganyonga akihangaika kutoa neno mara nyingi ana mengi ya kusema kuliko mnavyodhani.

Na bibi wa Sengerema msimlaumu. Muulizeni alikuwa anamlishaje na kumbebaje, mara nyingi kina bibi wamegundua mkao unaomtuliza mtoto kabla ya sisi wataalamu.

*Hujambo dada. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu huko Kilifi. Kila Januari watoto wenye mtindio hurudi kutoka likizo ndefu wakiwa wamekakamaa, wengine wamekonda, na kazi ya mwaka mzima naianza upya. Nifanye nini?*
*Mwalimu, Kilifi*

Sijambo mwalimu. Unayoyaona kila Januari, Kenya nzima iliyaona kwa pamoja baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na madarasa mengi kufunguliwa Januari 2021. Fremu za kusimamia na viti maalumu vilikuwa vimefungiwa madarasani, watoto wako nyumbani sakafuni. Funzo la kwanza ni hilo: shule ikifungwa, kiti kiende na mtoto. Ongea na mwalimu mkuu mapema, mwandikishe kila kifaa kwa jina la mtoto, mzazi atie sahihi. Kiti kikirudi na mkwaruzo si hasara. Kiti kilichobaki kizima stoo, na mwenyewe kajipinda mgongo, ndiyo hasara.

Wiki mbili kabla ya kufunga, waite wazazi, na mzazi mwenyewe amlishe na kumketisha mtoto mbele yako. Usimpe karatasi ya maelekezo peke yake. Mpe mambo mawili, yasizidi. Kwa mtoto aliyekwisha kupigwa eksirei na kuruhusiwa kusimama, moja liwe kusimama kwenye fremu kila siku: anza na dakika chache, upandishe mpaka nusu saa, na akizoea mpaka saa nzima. Asimame wakati wa kusikiliza redio au wenzake wakicheza bao, asisimamishwe peke yake uani.

Kukonda ni suala la pili, na usilichukulie kirahisi. Shuleni kuna mtu anayekaa na mtoto nusu saa kumlisha. Nyumbani wakati wa kazi za shamba huenda nusu saa hiyo haipo. Mpime kila mmoja uzito siku ya kufunga na siku ya kufungua, uandike. Aliyepungua mpeleke zahanati wiki ya kwanza, kabla hujamrudisha kwenye mazoezi, maana mtoto mwenye njaa hajengi msuli.

Na splinti zikaguliwe kabla ya kuondoka. Mvalishe, subiri nusu saa, vua, tazama ngozi. Wekundu ukikaa zaidi ya dakika 20 bila kufutika, splinti hiyo imeshafupia au inabana. Asiende nayo likizo; mwandikie mzazi rufaa ya kwenda kupimwa nyingine, hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ikiwa ndiko karibu, na umpe tarehe ya kwenda kabla shule haijafunguliwa.